Huduma ya Saa 24 kwa Wagonjwa wa Saratani Wanaotibiwa Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na madaktari, wauguzi viongozi na mameneja wa kliniki wanaopanga huduma ya usiku na siku za mapumziko, au ambao tayari wanayo na wanataka kujua kama inafanya kazi. Dozi zilizotajwa ni za watu wazima. Zilinganishwe na mwongozo wa hospitali yenu kabla ya kutumika.

Huduma ya saa 24 kwa wagonjwa wa nje maana yake nini hasa?

Wagonjwa wengi wa saratani siku hizi hutibiwa bila kulazwa. Asubuhi anawekewa dripu, jioni yuko kwake. Madhara ya dawa hayafuati ratiba hiyo: homa inapanda saa 9 usiku, kutapika kunaanza Jumamosi, pampu ya dawa aliyoondoka nayo inaisha Jumapili.

Huduma tunayoizungumzia ni mpangilio unaomwezesha mgonjwa, saa yoyote, kumfikia mtu anayeijua saratani, anayeweza kufungua faili lake papo hapo, na mwenye mamlaka ya kuamua: njoo sasa, njoo kesho, au fanya hivi ukiwa nyumbani. Nchini Marekani, mpango wa malipo wa Oncology Care Model (2016 hadi 2022) uliweka sharti hilohilo, yaani mgonjwa ampate mtaalamu saa zote na mtaalamu huyo awe anaona kumbukumbu za matibabu wakati huohuo. Sharti hilo ndilo kiini. Anayepokea simu bila kuona faili atamwambia kila mtu aende idara ya dharura, na atakuwa na haki, kwa sababu hana njia nyingine iliyo salama.

Ni lazima kliniki iwe wazi usiku kucha?

Mara nyingi, hapana. Kuna ngazi tatu. Ya kwanza ni simu ya saa 24 pamoja na makubaliano ya maandishi na idara ya dharura. Ya pili ni hiyo simu, na juu yake kitengo cha dharura za saratani kinachofunguliwa, kwa mfano, saa 2 asubuhi hadi saa 4 usiku, siku saba za wiki. Ya tatu ni kitengo kisichofungwa kabisa.

Wapangaji wengi huitamani ya tatu kwa sababu inaonekana kamili. Ushauri wetu ni kuanza na ya kwanza, kuipima kwa miezi sita, kisha kupanda ngazi pale takwimu zenu zinapolazimisha. Ngazi ya tatu ina maana kwa hospitali kubwa za saratani zenye wagonjwa wengi wa saratani ya damu na wa upandikizaji wa uboho. Kwa kliniki ya ukubwa wa kati, kufungua mlango wikendi na jioni huwafikia wengi wa wale ambao wangekuja, na simu iliyo imara huwabeba waliobaki.

Tukusanye takwimu gani kabla ya kupanga?

Chukueni miezi 12 iliyopita, maana miezi mitatu itawadanganya kwa msimu na likizo. Kwa kila mgonjwa aliyepata dawa za saratani na kufika dharura au kulazwa bila kupangwa ndani ya siku 30 baada ya dozi, andikeni saa ya kufika, siku ya wiki, sababu kuu, siku ngapi tangu dozi ya mwisho, alipiga simu kwanza au la, na kilichotokea baadaye.

Kwa sababu za kufika, orodha ya kuanzia ipo tayari. Kipimo cha OP-35 kinachotumiwa na serikali ya Marekani kinahesabu hali kumi: upungufu wa damu, upungufu wa maji, kuhara, kutapika, kichefuchefu, homa, kushuka kwa nyutrofili (chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu), maumivu, nimonia na maambukizi ya damu. Nyingi kati ya hizo zinaweza kudhibitiwa bila kulaza zikikamatwa mapema.

Kisha chukueni watu wawili, daktari na muuguzi, wasome mafaili 50 kila mmoja peke yake na kujibu swali moja: kama tungekuwa na kiti, muuguzi na maabara saa ile, je, mgonjwa huyu angehudumiwa bila kupita dharura? Wanapotofautiana ndipo penye mazungumzo ya maana kuhusu nani kitengo kitampokea na nani hakitampokea.

Viti na vitanda vingapi vinatosha?

Msitumie wastani wa siku nzima. Tuseme mnatarajia wagonjwa 12 kwa siku na kila mmoja anakaa saa 5. Wastani wa waliomo ndani kwa wakati mmoja ni 12 × 5 ÷ 24, yaani 2.5, na mtu atasema viti vitatu vinatosha. Lakini wagonjwa hawaji kwa usawa. Kama 8 kati ya hao 12 hufika kati ya saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, basi katika saa hizo kumi mnapokea 0.8 kwa saa, na waliomo ndani wanafikia wastani wa 4.

Huo nao ni wastani tu. Wagonjwa wasiopangwa huja kwa bahati nasibu, na kwa wastani wa 4 mnahitaji nafasi 7 ili mtosheke takriban asilimia 95 ya muda. Mkiwa na 4, mara kwa mara mtakuwa na mtu kwenye korido, na mtu huyo anaweza kuwa yule asiye na kinga.

Katika nafasi hizo 7, angalau mbili ziwe vitanda, na angalau moja iwe chumba chenye mlango unaofungwa kwa ajili ya mwenye kikohozi, kuhara au vipele. Oksijeni na kifyonzaji viwepo kila nafasi.

Na wauguzi?

Mwaka una saa 8,760. Mfanyakazi wa saa 40 kwa wiki, ukiondoa likizo, ugonjwa, sikukuu na mafunzo, hubaki na takriban wiki 44 kazini, yaani saa 1,760. Gawanyeni: nafasi moja ya kazi inayojazwa mchana na usiku inahitaji watu 5 walioajiriwa. Ongezeni nusu saa ya kukabidhiana zamu mara mbili kwa siku, ambayo ni saa 365 kwa mwaka, na mnafika 5.2.

Usiku haiwezekani kuwa na muuguzi mmoja peke yake. Dawa zinazohitaji wawili kuhakiki, mgonjwa anayezimia wakati simu inalia, hata kwenda maliwato: vyote vinadai mtu wa pili. Kwa hiyo kitengo kisichofungwa kinaanza na wauguzi 10 au 11 kabla hata ya kumtaja daktari, mfamasia au mtu wa maabara. Hesabu hii peke yake imewarudisha wengi kwenye ngazi ya pili, na si vibaya.

Nani apokee simu, na aulize nini?

Muuguzi aliyefunzwa saratani, nyuma yake kuna daktari wa zamu anayepaswa kujibu ndani ya dakika 15. Kumpa simu daktari kijana wa wodini aliyeshika wagonjwa wengine 40 hakufanyi kazi. Atajibu akiwa anatembea, hataandika, na kesho hakuna anayejua kilichosemwa.

Tumieni karatasi ya maswali yenye rangi, si kumbukumbu ya kichwani. Mfano unaojulikana ni ule wa UKONS, chama cha wauguzi wa saratani cha Uingereza: kila dalili inawekwa kijani, njano au nyekundu. Nyekundu moja, mgonjwa anakuja sasa hivi. Njano moja, anapewa ushauri na kufuatiliwa ndani ya saa 24. Njano mbili au zaidi zinahesabiwa nyekundu. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu kuhara kidogo hakutishi na vidonda vidogo vya mdomoni havitishi, ila mwenye vyote viwili hali chakula wala hanywi na kuta za utumbo wake zimechubuka.

Muuguzi aanze na mambo manne kabla ya dalili yenyewe: saratani gani, dawa gani ya mwisho (vidonge na dawa za kuamsha kinga zikiwemo, maana wagonjwa wengi hawazihesabu kama «kemo»), tarehe yake, na kama ana mrija wa kudumu mwilini. Halafu ajue joto lililopimwa, si la kukisia, na kama amemeza paracetamol katika saa sita zilizopita. Azungumze na mgonjwa mwenyewe inapowezekana, maana pumzi fupi na kuchanganyikiwa husikika kwenye sauti kabla ndugu hajavitaja.

Kila simu iandikwe, hata ile ya dakika mbili. Saa 2 asubuhi orodha ya simu za usiku isomwe na timu inayomtibu mgonjwa, na jina la atakayempigia tena liandikwe mbele ya kila mstari. Orodha isiyo na majina pembeni hubaki mezani tu.

Mgonjwa wa kemotherapi amefika na homa. Dakika 60 za kwanza ziende vipi?

Homa kwa maana ya kitaalamu ni 38.3 °C mara moja, au 38.0 °C ikidumu saa nzima. Kwenye simu tumieni namba moja tu, 38.0, kuepuka mabishano. Hatari iko juu zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, pale nyutrofili zinapokuwa chini kabisa. Lengo ni antibayotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa alipofika.

Dakika 10 za kwanza: joto, mapigo, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, oksijeni, na kama anaelewa alipo. Joto lisipimwe kwa njia ya haja kubwa. Dakika 10 hadi 25: kanula, picha kamili ya damu, figo, ini, laktati, na damu ya kuotesha vijidudu seti mbili. Mwenye mrija wa kudumu atolewe seti moja kwenye mrija na nyingine kwenye mshipa wa mkono. Kisha dawa: piperasilini-tazobaktamu 4.5 g, au sefepimu 2 g, au meropenemu 1 g, kufuatana na usugu wa vijidudu wa kwenu. Kwa mwenye mzio mkali wa penisilini, mbadala uwe umeandikwa mapema kwenye fomu, kwa mfano aztreonamu pamoja na vankomaisini. Shinikizo likiwa chini au laktati ikiwa 4 au zaidi, maji ya mililita 30 kwa kilo yaingie ndani ya saa tatu, na mgonjwa huyo si wenu tena: anahitaji wodi ya uangalizi mkubwa.

Msisubiri majibu ya nyutrofili ndipo mtoe dawa.

Muda hupotelea wapi? Karibu kila kitengo kinachojipima hukuta sehemu zilezile nne. Mgonjwa anasajiliwa na kupewa namba kama wengine. Dawa iko famasia ya ghorofa nyingine na mfamasia ameitwa. Daktari anasubiriwa aandike. Na mrija wa kudumu unasubiri krimu ya ganzi, ambayo hutaka karibu saa nzima. Masuluhisho yake ni haya: simu ya usiku itoe taarifa mgonjwa akiwa njiani, chupa za dozi ya kwanza zikae ndani ya kitengo, kuwe na agizo la kudumu linalomruhusu muuguzi kutoa dozi ya kwanza, na kama mrija haufunguki ndani ya dakika tano, wekeni kanula mkononi.

Kuna mwenye homa anayeweza kurudi nyumbani?

Wapo, ila mchujo uwe mkali. Alama za MASCC, zinazopima hatari ya mwenye homa, hutolewa hivi: dalili hafifu 5 (za wastani 3), shinikizo la juu lisiloshuka chini ya 90 ni 5, kutokuwa na ugonjwa sugu wa mapafu 4, uvimbe mgumu (saratani isiyo ya damu) au kutowahi kupata maambukizi ya fangasi 4, kutohitaji maji ya mshipani 3, kuwa mgonjwa wa nje homa ilipoanza 3, umri chini ya miaka 60 ni 2. Jumla ni 26. Aliyefikisha 21 ana hatari ndogo.

Alama hazitoshi. Kwa wenye uvimbe mgumu wanaoonekana wazima, hesabuni pia CISNE, alama nyingine za hatari, na atakayefikia 3 alazwe hata kama MASCC inamruhusu. Baada ya dozi ya kwanza aangaliwe angalau saa 4. Awe anaweza kumeza, ana mtu nyumbani saa zote, ana simu, ana kipimajoto, na anaishi ndani ya saa moja kutoka kituoni. Hapo anaendelea na siprofloksasini pamoja na amoksilini-klavulanati. Aliyekuwa tayari anatumia siprofloksasini ya kinga asipewe njia hii. Kila siku apigiwe simu mpaka homa ikatike, na homa isipokatika kwa siku mbili au tatu arudi.

Mwenye lukemia kali katika wiki za matibabu ya mwanzo hapiti kwenye mlango huu hata kidogo.

Hali gani nyingine hazisubiri asubuhi?

Maumivu mapya ya mgongo pamoja na miguu kulegea, ganzi, au mkojo kugoma. Uti wa mgongo unabanwa. Deksamethasoni 16 mg, MRI ya uti wote ndani ya saa 24, na daktari wa mionzi au wa upasuaji aarifiwe usiku huohuo. Aliyeingia akitembea kwa kawaida hutoka akitembea, na aliyefika miguu imekwisha kulala mara chache huinuka tena. Kosa la kawaida ni kumpa dawa ya maumivu na miadi ya Jumatatu.

Kuhara kwa mgonjwa wa dawa za kuamsha kinga. Akienda choo mara nne au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, msidhani ni chakula, na loperamidi (dawa ya kuzuia kuhara) isiifunike dalili. Huenda kinga yake inashambulia utumbo, na tiba ni steroidi, kwa kawaida prednisoloni 1 hadi 2 mg kwa kilo. Inaweza kutokea miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, ndiyo maana swali la dawa kwenye simu lisiishie kwenye mwezi huu. Pumzi fupi au maumivu ya kifua kwa mgonjwa huyu ni mapafu au misuli ya moyo mpaka ithibitishwe vingine.

Kiu, kukojoa sana, usingizi na kuchanganyikiwa: pimeni kalisiamu. Maji ya chumvi kwanza, kisha asidi zoledroniki 4 mg kwa dakika 15 ikiwa figo zinaruhusu. Kalisiamu huchukua siku mbili hadi nne kushuka, hivyo mwenye kuchanganyikiwa analazwa.

Dawa kuvuja nje ya mshipa. Simamisheni dripu, acheni kanula, vuteni kilichomo kwa sindano, msisukume maji. Kwa dawa za jamii ya doksorubisini ni ubaridi na deksrazoksani ndani ya saa 6. Kwa vinkristini ni joto. Kubadilisha hivi viwili kunaongeza kidonda.

Uso na shingo kuvimba, mishipa ya kifua kuchomoza, kupumua kwa shida akilala: mketisheni, oksijeni, piga simu.

Pampu za saa 46 zinatuletea kazi kila wikendi. Tufanyeje?

Nyingi ni tatizo la ratiba. Pampu ya fluorourasili ikifungwa Jumatatu saa 6 mchana inaisha Jumatano saa 4 asubuhi, kliniki ikiwa wazi. Ikifungwa Ijumaa saa 8 mchana, inaisha Jumapili saa 6 mchana. Hamisheni wagonjwa wa pampu waanze Jumatatu hadi Jumatano, na simu za Jumapili zitapungua kabla hamjaajiri mtu.

Kwa zinazobaki, muuguzi wa simu ajue hitilafu za kawaida. Puto la dawa ndani ya pampu halipungui: kibano kimesahaulika kimefungwa, mrija umekunjika, au sindano imetoka kwenye kidungio kilicho chini ya ngozi. Puto limekwisha mapema: kizuia-mtiririko kilikuwa kwenye joto, au pampu si ya kasi iliyoagizwa. Kizuia-mtiririko kibandikwe kwenye ngozi, kwa kuwa kasi yake imepimwa kwa joto la ngozi. Puto la saa 46 likiisha ndani ya saa chache, hiyo ni sumu. Mgonjwa anaingia hata kama anajisikia mzima, na dawa ya kuondoa sumu, uridini triasetati, itafutwe mara moja kwa sababu matumizi yake yamewekewa mpaka wa saa 96 tangu mwisho wa dripu.

Kabati la dawa la usiku liwe na nini?

Antibayotiki za dozi ya kwanza na mbadala wake, maji ya chumvi, ondansetroni na metoklopramidi, deksamethasoni na haidrokotisoni, adrenalini, mofini ya kumeza na ya sindano, naloksoni, potasiamu na magnesiamu za kumeza, loperamidi, vilainisho vya choo, na boksi la kusafisha dawa ya saratani iliyomwagika. Kemotherapi yenyewe isikae humo, na isichanganywe usiku.

Maumivu makali usiku yashughulikiwe vipi kwa simu?

Jumlisheni mofini ya kumeza ya saa 24. Dozi ya nyongeza ni moja ya sita ya hiyo: anayemeza 60 mg kwa siku anapewa 10 mg. Akihitaji nyongeza zaidi ya mara tatu kwa siku, dozi ya msingi irekebishwe asubuhi. Anayeshindwa kumeza aje; dozi ya mshipani ni theluthi ya ile ya kumeza. Ulizeni mkojo, maana mofini hujilimbikiza figo zikilegea, na ulizeni choo. Maumivu ya tumbo yaliyozidi wiki hii mara nyingi ni choo kilichoganda kwa siku sita, na mofini zaidi itayaongeza.

Kwa nini wagonjwa hawapigi simu mpaka hali iwe mbaya?

Wanaogopa kusumbua, wanadhani homa ni sehemu ya tiba, au walipiga mara moja ikaita bila kupokelewa. Anayetoka kliniki kwa mara ya kwanza apewe kipimajoto, kadi yenye namba moja tu ya simu, na maagizo ya mstari mmoja: pima joto kabla ya kumeza paracetamol. Kisha aipige namba hiyo akiwa bado kwenye kiti, muuguzi aipokee mbele yake. Inachukua dakika moja, na inagundua namba zilizoandikwa vibaya.

Programu ya dalili kwenye simu janja inaweza kuchukua nafasi ya muuguzi?

Haiwezi. Inaweza kumletea kazi mapema. Katika jaribio lililofanyika Memorial Sloan Kettering mjini New York, matokeo yake yakachapishwa 2017, wagonjwa waliojaza dalili mara kwa mara waliishi kwa muda wa kati wa miezi 31.2, dhidi ya 26.0 kwa huduma ya kawaida. Ila nyuma ya mfumo huo kulikuwa na wauguzi waliopokea tahadhari. Tahadhari ya saa 7 usiku isiyosomwa mpaka saa 3 asubuhi ni hatari zaidi kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mgonjwa anaamini ameshaarifu. Ama isomwe usiku, ama programu yenyewe imwambie apige simu.

Tupime nini?

Vipimo vichache, vilivyofafanuliwa kabla ya siku ya kufungua:

- Simu: asilimia iliyopokelewa ndani ya dakika moja, iliyokatika kabla ya kupokelewa, na muda wa kupigiwa tena.
- Homa: muda wa kati tangu kufika hadi dawa kuingia, na asilimia ndani ya dakika 60.
- Waliofika dharura na waliolazwa bila kupangwa, kwa kila wagonjwa 100 walio kwenye matibabu kwa mwezi.
- Waliorudi ndani ya saa 72, na waliolazwa ndani ya siku 7 baada ya kuruhusiwa.
- Vifo ndani ya siku 30 baada ya dozi, kila kimoja kisomwe.
- Upande wa pili wa mizani: saa za ziada za wafanyakazi, na miadi ya mchana iliyoahirishwa kwa sababu muuguzi alichukuliwa na dharura.

Saa ya kuanzia ndiyo inayochakachuliwa kirahisi. Mkihesabu tangu muuguzi alipomwona mgonjwa, dakika 25 za foleni zinatoweka na asilimia yenu inapendeza. Hesabuni tangu alipovuka mlango.

Waliofika dharura wamepungua tangu tufungue. Tumefaulu?

Bado hamjui. Angalieni kigawanyo kwanza. Ziara zikishuka kutoka 60 hadi 54 kwa mwezi, mtasherehekea punguzo la asilimia 10. Lakini kama wagonjwa walio kwenye matibabu walishuka kutoka 300 hadi 240, kiwango kimepanda kutoka 20 hadi 22.5 kwa kila 100.

Pili, jumlisheni milango yote. Dharura ikishuka kutoka 20 hadi 15 kwa 100 huku kitengo kipya kikipokea 25, ziara zote zimepanda kutoka 20 hadi 40. Huenda ni vizuri, kwa maana wapo waliokuwa wakivumilia maumivu nyumbani, lakini si akiba, na msiiuze kwa uongozi kama akiba.

Tatu, miradi mingi huanzishwa baada ya miezi mibaya kupita kiasi, na miezi mibaya hufuatwa na ya kawaida hata usipofanya lolote. Nne, kulinganisha waliokuja kwenu na waliokwenda dharura hakufai: waliokwenda dharura walikuwa wagonjwa zaidi, na ninyi wenyewe ndio mliowaelekeza huko.

Njia nzuri isiyo ghali ni kufungua kwa awamu. Kundi la matiti mwezi wa kwanza, utumbo mwezi wa nne, mapafu wa saba, damu wa kumi, na mpangilio upigiwe kura ya bahati. Makundi yanayosubiri yanakuwa kipimo cha kulinganisha kwa miezi ileile, na wauguzi wanapata nafasi ya kuzoea.

Tungoje muda gani kabla ya kutoa hukumu?

Mwaka mmoja kwa kulazwa. Kwa muda wa antibayotiki mtaona mapema, ila angalieni udogo wa namba. Mkiwa na wagonjwa wanane wa homa kwa mwezi, kutoka wanne hadi sita ndani ya saa moja ni kutoka asilimia 50 hadi 75, na hao ni watu wawili tu. Chorani grafu ya mwezi kwa mwezi yenye mstari wa kati, na msiseme kitu kimebadilika mpaka nukta sita mfululizo zikae upande mmoja wa mstari.

Gharama zihesabiwe vipi?

Usiku hulipiwa kwa saa, si kwa mgonjwa. Wauguzi wawili na daktari mmoja, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, ni saa 24 za kazi. Wakija wastani wa wagonjwa 1.5, kila mmoja amegharimu saa 16 za wafanyakazi. Linganisheni na gharama ya kulipa idara ya dharura ifunzwe, iwe na fomu zenu na dozi zenu za kwanza, na simu ya muuguzi wenu saa zote.

Vitanda vilivyookolewa visigeuzwe fedha kwenye ripoti isipokuwa wodi imefungwa sehemu au vitanda vimepewa wagonjwa wengine waliokuwa kwenye foleni. Andikeni siku za vitanda, na acheni mhasibu aamue bei.

Makubaliano na idara ya dharura yaandikwe vipi?

Kurasa mbili zinatosha: nani anampokea mgonjwa wa namna gani, namba ya simu ya muuguzi wa saratani, fomu moja ya homa inayotumika pande zote mbili, na muda ambao daktari wa saratani lazima ajibu. Yasainiwe na wakuu wa idara zote mbili, na yapitiwe kila baada ya miezi sita kwa kusoma mafaili kumi ya wagonjwa waliopita pande zote mbili. Daktari wa dharura aliyewaelekezea mgonjwa kwa njia isiyofaa apigiwe simu siku ileile, kwa adabu; barua ya malalamiko ya mwezi ujao haimfundishi mtu.